Wanafunzi Wenye Ndevu: Watu Wazima na Vijana katika Madarasa ya Johannesburg

Katika darsa za misikiti ya Unguja hakuna aliyeulizwa umri wake. Mzee mwenye ndevu nyeupe alikaa mkekani ubavuni mwa kijana ambaye ndevu bado hazijamwota, kitabu ni kimoja, na sheikh akisoma na kufasiri kwa wote. Aliyekuja miaka kumi iliyopita na aliyekuja jana walisikiliza maneno yale yale, kila mmoja akichukua kwa kadiri ya chombo chake. Umri ulianza kuandikwa daftarini zilipokuja skuli za serikali ya Kiingereza: darasa hili ni la watoto wa miaka hii, na aliyeipita basi tena. Familia nyingi zinazosoma jarida hili zilikuja kulielewa vyema jambo hilo baada ya 1964. Kijana aliyekatishwa masomo Unguja alifika Cairo au Dubai au, baada ya 1970, Maskati, akajikuta anaanza alifu kwa kijiti jioni baada ya kazi, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha kusomea Msahafu, si cha kuandikia barua ya ofisini. Wapo waliokaa darasa moja na watoto wa jirani.

Makala haya yanahusu mji ulio mbali na pwani yetu, ambako suala la nani amekuwa mkubwa mno kukaa darasani liligeuka kuwa suala la sheria, polisi na damu. Afrika Kusini yenyewe si ngeni kwa darsa zetu. Sheikh Muhammad Salih Hendricks wa Cape Town, aliporudi kutoka Makka mwanzoni mwa karne ya 20, alipita Unguja akakaa huko kabla ya kufika kwao na kuijenga Azzawia. Na Sheikh Abdalla Bakathir wa Ukutani naye alifunga safari mpaka Cape Town kusuluhisha Waislamu wa huko waliokhitilafiana. Lakini Johannesburg ni mji wa namna nyengine. Wanazuoni na mabaharia hawakuhusika na kuzaliwa kwake. Umezaliwa na dhahabu.

Dhahabu hiyo ilitangazwa 1886, na haukupita muda machimbo yakawa yanameza vijana kutoka Basutoland, Msumbiji, Pondoland mpaka Nyasaland. Mtoto wa kiume wa kijijini alichunga ng'ombe mpaka akabaleghe. Akibahatika alipata miaka miwili au mitatu kwenye skuli ya misheni, kisha kodi ikamtoa kwenda mjini. Alipofika Johannesburg alikuwa mtu mzima mwenye mshahara na pengine mke aliyemwacha nyumbani, na mfukoni mwake mna pasi (wasomaji wetu wa Kenya waikumbuke kipande) ambayo hawezi kuisoma. Pasi hiyo ndiyo iliyosema anaruhusiwa kulala wapi na kupita njia gani saa ngapi. Mtu huyu hakuchelewa kusoma kwa uvivu. Miaka yake ya kusoma ilichukuliwa na watu waliohitaji mikono yake, na hili nalisema mapema kwa sababu yote yanayofuata yamejengwa juu yake.

Mwaka 1925 Chama cha Kikomunisti kilifungua skuli ya usiku Ferreirastown, mtaa wa kimaskini ulio ukingoni mwa kati ya mji. Walisomea katika kanisa dogo, kwa mwanga wa mishumaa, bila ya madawati wala ubao. Miongoni mwa walioiendesha alikuwemo T. W. Thibedi, mwalimu kwa kazi yake na mmoja wa Waafrika wa mwanzo kabisa kuingia katika siasa za wafanyakazi mjini hapo. Alikuwemo pia Eddie Roux, kijana wa Kizungu aliyezaliwa 1903. Kwa hivyo alipokuwa akisomesha pale alikuwa na miaka kama 22, na mbele yake wamekaa wanaume ambao baadhi yao wangeweza kumzaa. Roux ameieleza skuli hiyo katika kitabu chake cha historia, *Time Longer than Rope*, kilichotoka 1948.

Kitabu cha kusomea, mtu akikifikiri leo, anaweza kucheka. Walitumia kile cha Bukharin na mwenzake cha kufundishia ukomunisti, na mtu asiyejua bado kuunganisha herufi akatakiwa aelewe nadharia ya mtaji kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu au ya nne. Na bado walikuja. Walikuja baada ya kutwa nzima kiwandani au jikoni kwa bwana, na kurudi kwao kulikuwa na hatari yake, kwa sababu Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku mjini bila ya kibali cha maandishi kutoka kwa mwajiri. Fikiria mtu wa miaka arubaini, anayeitwa "boy" mchana kutwa, akiomba kikaratasi cha ruhusa ili aende akajifunze kusoma kikaratasi.

Katika skuli hiyo alipita Moses Kotane, aliyezaliwa 1905 karibu na Rustenburg na kupata masomo haba utotoni. Alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Aliingia chamani 1929, akapelekwa Moscow kusoma, na 1939 akawa katibu mkuu wa chama, cheo alichobaki nacho mpaka kufa kwake 1978. Mtu aliyeanza na mshumaa Ferreirastown akawa miongoni mwa watu ambao Oliver Tambo na wenziwe hawakukata shauri bila ya kuwasikiliza. Historia za siasa hupenda kueleza alichokiamini Kotane. Mimi huvutiwa zaidi na jioni zile za mwanzo, mtu mzima akifuata mstari kwa kidole chake.

Kusomesha darasa la namna hii kuna tabu ambayo kila aliyepata kuifanya anaijua, awe Johannesburg au Mutrah. Mtu mzima anachokiogopa khasa ni aibu, hesabu yenyewe si kitu. Akikosea mbele ya kijana wa miaka kumi na saba, hawezi kukaa kitako tena. Atatoa udhuru wa kazi na hutamwona wiki ijayo. Kijana naye ana pupa. Anataka mtihani, na anaona mzee anawachelewesha kwa masuali yake, kwa sababu mzee hakubali jambo mpaka alipime na aliyoyaona duniani. Nimesomesha madarasa haya miaka kadhaa, na nimeona kuwa mwalimu akiwaweka wazee upande mmoja na vijana upande wa pili darasa humfia mkononi. Wakichanganywa, kijana huandika na mzee husimulia, na suali la mzee ndilo linalomfanya kijana agundue kuwa alichokihifadhi hakukielewa. Hilo katika darsa halikuhitaji kugunduliwa. Lilikuwa ndiyo desturi.

Kutoka mwishoni mwa miaka ya 1930 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho kila mtu hukiita Wits, nao walianzisha skuli za usiku, na katika miaka ya vita zikaongezeka, hata serikali ikatoa ruzuku. Lakini chuo hicho chenyewe nacho kilikuwa kinabadilika ndani yake. Mwaka 1943 aliandikishwa katika kitivo cha sheria Nelson Mandela, Mwafrika pekee katika kitivo hicho. Alikuwa na miaka 24, mchana ni karani wa mawakili, jioni na alfajiri ni mwanafunzi, na baada ya mwaka mmoja akawa na mke. Alianguka mtihani wa mwaka wa mwisho zaidi ya mara moja, na 1949 akaondoka Wits bila ya shahada. Waandishi wa kumsifu hupita hapo mbio, nami naona ndipo pa kusimama, kwa sababu hivyo ndivyo mwanafunzi mtu mzima anavyoanguka: akili anayo, saa za kutwa ndizo hana.

Vita vilipomalizika waliingia Wits askari waliorudi, na madarasa yakajaa wanaume waliokwishaona Misri na Italia, wamekaa na vijana waliotoka skuli mwaka uliopita. Joe Slovo alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Lithuania, aliacha skuli akiwa mdogo akawa karani katika duka la jumla la madawa, na bila ya cheti cha sekondari asingeota kuingia chuo kikuu. Mpango wa serikali wa kuwasaidia askari wa zamani ndio uliomfungulia mlango. Waafrika waliotumikia jeshi hilo hilo, tena bila ya kupewa bunduki, hawakutendewa sawa naye. George Bizos, mkimbizi wa Kigiriki, alifika Johannesburg akiwa na miaka 13 na akawekwa kufanya kazi dukani, mpaka mwalimu mmoja, Cecilia Feinstein, alipomwona na kumchukua mkono kumpeleka skuli. Aliingia Wits 1948. Watu hawa watatu, aliyesoma kwa nusu siku, aliyeingia bila ya cheti na aliyeokotwa dukani, walikuja kukutana tena katika kesi kubwa za miaka ya 1950 na 1960, mmoja kizimbani na wengine kwenye utetezi, na mara nyengine Slovo akawa yuko pande zote mbili.

Mlango huo ulifungwa kwa sheria mbili. Ya 1953 iliweka elimu ya Waafrika wote chini ya mkono wa serikali, na skuli yoyote isiyoandikishwa ikawa haramu. Skuli za usiku zikaanza kufa moja baada ya moja, khasa zile zilizokuwa katika mitaa iliyotengwa kwa Wazungu, na huko ndiko walikolala wapishi, madobi na walinzi waliozihitaji. Ya 1959 ikawazuia wanafunzi weusi kuingia vyuo kama Wits pasi na ruhusa ya waziri. Robert Sobukwe, aliyekuwa akisomesha lugha za Kiafrika hapo Wits tangu 1954, aliacha kazi yake 1960 kwenda kuongoza maandamano dhidi ya pasi, akafungwa.

Kabla yake alikwisha kuondolewa mwalimu mwengine, Es'kia Mphahlele, na habari yake inatugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Alizaliwa 1919, utotoni alichunga mbuzi kijijini, na masomo yake ya sekondari ya juu na shahada zake aliyapata kwa posta huku akifanya kazi: dereva na mwalimu wa taipu katika taasisi ya vipofu, kisha mwalimu wa Orlando High, Soweto. Mwaka 1952 alifukuzwa ualimu pamoja na Zeph Mothopeng na Isaac Matlare kwa kupinga siasa hiyo ya elimu iliyokuwa inaandaliwa. Akahama 1957 kwenda Nigeria, na huko Ibadan akawa anasomesha watu wazima nje ya chuo. Mwaka 1963 akafika Nairobi akaanzisha kituo cha sanaa na fasihi alichokipa jina la Kiswahili, Chemchemi. Alirudi kwao 1977, na baada ya miaka miwili akawa mhadhiri katika Wits, chuo ambacho yeye mwenyewe hakukisomea.

Waliobaki walitafuta njia ya uchochoroni. Mwaka ule ule wa 1959 watu waliochukizwa na sheria ile waliunda kamati iliyokuja kujulikana kwa jina la SACHED, iwasaidie wanafunzi weusi kufanya mitihani ya Chuo Kikuu cha London wakiwa nyumbani. Kutoka hapo kikazaliwa chuo cha posta cha Turret. Kwa posta hakuna anayeona ndevu zako: mtahini hupokea karatasi tu. Katika 1977 walipata hila nzuri zaidi, nayo ni kuchapisha masomo ndani ya gazeti la *Weekend World* kwa jina la Chuo cha Umma, hivyo baba na binti waliweza kusoma ukurasa mmoja mezani. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo gazeti likapigwa marufuku, na chuo kikafungika pamoja nalo.

Wanawake katika historia hii huonekana kwa shida, kwa sababu wengi wao walikuwa majikoni mwa watu na ruhusa yao ilikuwa Alkhamisi mchana. Leah Tutu, aliyeacha ualimu pamoja na mumewe sheria ya elimu ilipoanza kazi, aliongoza kutoka 1976 mradi wa watumishi wa majumbani, ambao vituo vyake vilikaa katika majengo ya makanisa ya vitongoji vya Kizungu. Hapo yaya wa miaka hamsini na msichana aliyefika mwaka jana kutoka shamba walijifunza kusoma na kushona chumba kimoja.

Lakini penye moto hasa ni baada ya Juni 1976. Picha inayojulikana duniani ni ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Tsietsi Mashinini, aliyewaongoza wanafunzi wa Morris Isaacson, alikuwa na miaka 19, na wapo waliokuwa na zaidi ya 20 katika sekondari za Soweto, maana walichelewa kuanza, au walitoka kwenda kazini wakarudi, au walirudia madarasa. Serikali ililiona hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idara iliyosimamia skuli za Waafrika ikaweka ukomo wa umri: aliyepita atoke, aende vituo vya watu wazima. Kwa maneno ilikuwa ni taratibu nzuri ya elimu. Kwa vitendo iliwatoa skulini wale wakubwa, waliokwishafungwa na kutoka, ambao wadogo waliwasikiliza. Shirika la wanafunzi la COSAS, lililoundwa 1979, likaweka kuondolewa kwa ukomo huo miongoni mwa madai yake, pamoja na mabaraza ya wanafunzi na kukomeshwa kwa bakora. Katika migomo hiyo, Februari 1984, Emma Sathekge wa miaka 15 aliuawa na gari la polisi Atteridgeville, karibu na Pretoria. COSAS ilipigwa marufuku mwaka uliofuata.

Waliovuka mpaka walikuja kwetu. Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la katani Mazimbu, Morogoro, mwaka 1977, na skuli iliyojengwa hapo ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Mmoja aliyetoka Johannesburg akiwa na miaka kumi na nne na mwengine wa ishirini na mitatu waliweza kujikuta kidato kimoja. Huyu wa pili amekwisha kupiga mawe magari ya polisi, amevuka Swaziland kwa miguu, na sasa kengele inamwamrisha alale. Si ajabu kuwa nidhamu ilikuwa mzozo wa kudumu Mazimbu. Waliojenga Dakawa kutoka 1982, umbali mfupi kutoka hapo, walitaka pia pawepo mahali pa kuwapokea wageni na kuwapima kabla hawajaingizwa darasani. Watu wa Morogoro wenye umri wao wanawakumbuka vijana hao na Kiswahili chao cha sokoni. Skuli ilikabidhiwa serikali ya Tanzania 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Huku nyuma, SACHED ilifungua 1986 Chuo cha Khanya, Johannesburg na Cape Town. Jina lenyewe ni la mwangaza. Neville Alexander, aliyekaa Robben Island miaka kumi na kuwasomesha wafungwa wenzake humo, alikuwa miongoni mwa waasisi. Khanya ilichukua watu waliokatishwa masomo na misukosuko ya 1976 na ya miaka ya 80 ikawatayarisha kwa mwaka mmoja kuingia chuo kikuu. Humo mwanaharakati aliyetoka jela alikaa na kijana aliyetoka skuli, na mwalimu akatakiwa achukue yale mmoja aliyoyaona na yale mwengine aliyoyasoma, ayafanye somo moja. Mandela, gerezani karibu na Paarl, alimaliza shahada yake ya sheria kwa posta mwaka 1989, miaka arubaini baada ya kuondoka Wits. Alikuwa na miaka 70.

Serikali mpya nayo ilipokuja kupanga skuli zake ilirudi kwenye suali lile lile la umri, safari hii bila ya nia mbaya. Sera ya 1998 ya kuandikisha wanafunzi ilielekeza kuwa mwenye miaka 16 au zaidi ambaye hajapata kusoma kabisa ashauriwe kwenda kituo cha watu wazima. Baadhi ya walimu waliopigania kuondolewa kwa ukomo wa umri walijikuta ndio wanaomwelekeza mtu mlango wa kutokea, na sababu zao hazikuwa mbovu: mtoto wa miaka saba ana haki ya kutokaa na mtu wa miaka kumi na tisa. Vituo hivyo, ambavyo tangu 2015 viko chini ya vyuo vya jamii vya kila mkoa, mara nyingi havina majengo yao. Hutumia skuli za kawaida za Soweto na Alexandra alasiri, watoto wakisha kutoka. Mtu mzima huingia, hutafuta dawati ambalo magoti yake yatapita, na hukuta chini ya mbao zake jina la mtoto limechongwa kwa kalamu.